Treni Iliyochelewa

Mkuu wa stesheni mstaafu alikuwa hajapata choo kwa siku sita, na kila asubuhi aliandika daftarini, kwa mwandiko wake wa kikazi: "Haijawasili." Mofini, dawa yake ya maumivu, ilikuwa imemtuliza mgongo lakini ikamfunga tumbo. Sasa aliapa kuiacha, ingawa bila hiyo hakuweza hata kuketi.

"Dawa ya kulainisha choo unakunywa?" akauliza muuguzi aliyekuja kumtazama.

"Naiweka akiba, mwanangu. Msaada huitwa ajali ikishatokea."

"Kwani, babu, reli mlikuwa mkiikagua treni ikishapinduka?"

Mkewe akacheka hadi akashika ukuta. Mzee akanuna, kwa maana yeye mwenyewe alikagua reli kila alfajiri kwa miaka thelathini.

"Basi mofini usiiache," muuguzi akasema, "na hiyo nyingine uinywe kila siku, pamoja na maji ya kutosha."

Akatii, uso wake kama wa mtu aliyetukanwa. Asubuhi ya tatu, filimbi yake ya kazi ikalia chooni mara mbili, kwa nguvu.

"Imewasili!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni. "Haya, mume wangu, fungua dirisha kabla abiria hawajazimia."