C ya Madamu Cresensia

Nilipewa C, nikawaka. Ulikuwa mtihani wa vitendo wa chuo chetu cha uuguzi Njombe, na bibi niliyepangiwa nilimuuliza kila kitu kwa mpangilio: homa, kikohozi, choo, dawa anazotumia. Yote aliyajibu, "Ndiyo, mwanangu."

"Madamu, nimekosea wapi?" nilimuuliza mkufunzi wetu, Madamu Cresensia, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

Hakukasirika. Alimgeukia bibi taratibu. "Bibi, wewe ni padri?"

"Ndiyo, mwanangu."

Madamu akamweleza kwa Kibena swali lenyewe. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Kiswahili hakukijua, alikuwa ananiitikia kwa adabu tu, nisiaibike.

"Maswali yako ni A," Madamu aliniambia. "Ila hujajibiwa hata moja."

Nilinuna wiki nzima. Mimi Mpangwa wa Ludewa, Kibena ningekitoa wapi? Lakini nikaanza kukiokota sokoni kwa wauza viazi, neno moja moja.

Sasa mimi ni muuguzi Makambako. Jana mzee mmoja aliitikia "ndiyo" kwa kila nililomuuliza, hata nilipotaja mguu. Nikaweka kalamu chini, nikarudia kwa Kibena changu cha kuungaunga: ni mguu kweli unaouma? Akayacheka kwanza matamshi yangu. Kisha akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu, akauweka kifuani kwake, upande wa kushoto.

Madamu, Mungu akulipe kwa ile C.