Mashine Namba Arobaini na Moja

Jumatatu saa tatu asubuhi mtandao wa ofisi ulikuwa unajikokota, na meneja alikuja kusimama nyuma ya kiti cha fundi wa kompyuta.

"Unalipwa kukodolea kioo macho?"

Fundi alijua mdomo humwaga unga wa mtu. Akafungua tcpdump, programu inayochungulia kila kinachopita mtandaoni na kutaja nani katuma, nani kapokea. Mistari ikateremka. Mashine namba arobaini na moja ilikuwa inamtumia meneja ujumbe uleule, mara kumi kwa sekunde, na mashine ya meneja ikijibu.

Namba hiyo ilikuwa ya karani wa malalamiko, mama aliyefia mezani kwake wiki tatu nyuma. Mashine yake ilitupwa stoo, bila waya.

Meneja alipoondoka, fundi akausoma ujumbe. "Naomba ruhusa niende hospitali, kifua kinanibana." Jibu: "Maliza zamu kwanza." Wa kwanza ulitumwa siku ileile ya kifo, saa saba na dakika kumi mchana. Msibani, meneja alimwambia binti wa marehemu, machozi yakimlengalenga: "Angesema tu, ningempeleka mwenyewe."

Fundi akashuka stoo. Mama alikuwa amekaa juu ya boksi, sweta mabegani, akichapa kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rudishia mlango, vumbi linaingia."

"Kifua bado?"

"Bado. Niombee huko juu, labda wewe utasikilizwa."

Fundi akarudi juu, akautoa ule ujumbe na majibu yake kwenye karatasi, akampelekea meneja, akaeleza yote. Marehemu hakumtisha, meneja ndiye aliyemtisha.

"Nani kakutuma kusoma ujumbe wangu?" Meneja akazichana karatasi vipande vinne. "Na huyo, kama yupo, mbona malalamiko yamelundikana? Mpelekee. Na umchomekee waya, asiwacheleweshe wenzake."

"Binti yake nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake yuko kazini. Ukiongeza neno, utamfuata huko stoo."

Fundi akabeba mafaili mikono miwili, akafungua mlango wa stoo kwa kiwiko.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Umalize zamu."

Mama akafyonya, msonyo mrefu, kisha akavuta faili la juu na kulifungua. Fundi akapiga magoti nyuma ya mashine, akachomeka waya.