Majaribio Ishirini na Manne

Karani Wamalwa wa ofisi ya mitihani aliisoma barua kutoka Uganda mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma yake pana kitu, kisha akairudisha juu ya kaunta.

"Alama zipo. Muhuri upo. Daftari la majaribio liko wapi?"

"Barua inasema nilifanya majaribio yote ishirini na manne," alisema Zacharia Gathogo. "Mstari wa sita."

"Mstari wa sita nimeuona, mwalimu. Daftari ndilo sijaliona."

Alimwita mwalimu kwa mzaha, maana Zacharia hakuwa mwalimu bado, na wiki hiyo ndiyo ingeamua atakuwa lini. Mwaka huo wa 1955, maabara ya chuo chake, nje kidogo ya mji wa Thika, ilikuwa imegeuzwa stoo ya askari kwa ajili ya Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau. Wanafunzi watatu wa sayansi wakapelekwa kusoma muhula mmoja Uganda. Sasa ofisi ya mitihani haikukubali kuuhesabu muhula huo mpaka ione daftari la kila mmoja, na kila jaribio liwe na sahihi ya mwalimu wa huko. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kukubaliwa.

Majina yangepelekwa Nairobi Ijumaa. Asiyekuwemo hangefanya mtihani wa mwisho hadi mwaka uliofuata. Chuo hakikuwa na kitanda cha kumwekea mtu asiye na mtihani. Angerudi kijijini, na pasi yake ya kutembea, iliyokuwa pasi ya mwanafunzi, ingekoma siku hiyo hiyo. Mkikuyu asiye na pasi hakwenda popote.

"Daftari liko nyumbani Ruiru," alisema. "Sandukuni."

"Basi shida iko wapi? Ruiru si Ulaya."

Shida ilikuwa kwamba pasi ilisema Thika. Ruhusa ya siku moja ilimlia Jumanne yote na asubuhi ya Jumatano, katika foleni mbili, ya pili ikiwa ya kuambiwa arudi katika ya kwanza. Njiani alishushwa kukaguliwa mara mbili. Saa nane mchana alimkuta mama yake, Gathoni, akipepeta maharagwe mlangoni pa nyumba mpya ambamo serikali ilikuwa imemhamishia, nyumba ya kumi na moja katika mstari wa nne.

Sandukuni mlikuwa na shati, Biblia na viatu vya marehemu baba yake.

"Maitu, daftari langu la bluu liko wapi?"

"Lile la picha? Nililichoma, baba."

Gathoni alimwita mwanawe baba kwa kuwa alipewa jina la babu yake mzaa mama, na alilisema jambo lile kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Ulilichoma."

"Gadi, hao walinzi wa serikali hapa kijijini, walikuwa mstari wa pili wakipekua. Mwana wa Magdalene walimkuta na karatasi ya mistari na namba. Kumbe ni hesabu ya miche ya kahawa. Ana miezi mitano sasa kizuizini. Na lako lilikuwa na chupa yenye mrija, na nyaya mbili, na betri. Ningewaambia ni nini?"

"Ni jaribio la kutenganisha maji."

"Maji na nini?"

"Maji yenyewe. Yanakuwa hewa."

Gathoni aliweka ungo chini. "Ulitaka niwaambie gadi kwamba mwanangu anageuza maji kuwa hewa kwa betri?"

Zacharia alitafuta kosa katika hoja hiyo, hakuliona. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko moto wenyewe.

Alhamisi aliketi tangu alfajiri hadi jioni akayaandika majaribio yote upya, kwa mfuatano wake, pamoja na vipimo na michoro. Kwenye jalada aliandika: Nakala kutoka kumbukumbu. Daftari la asili limeungua.

Ijumaa Wamalwa alisoma jalada, akapiga mluzi.

"Nani alikuuliza? Ng'oa hili jalada, nilichomeke daftari katikati ya mengine. Mkubwa wangu hatazami sahihi zote, anatazama michoro."

"Akitazama?"

"Wewe ndugu yangu, utafia kwenye mstari ulionyooka."

Zacharia hakung'oa kitu. Aliomba kumwona afisa wa mitihani, Mzungu mwembamba aliyesema Kiswahili cha polepole na sahihi. Afisa alifunua kila ukurasa.

"Kazi safi. Safi kuliko ya wenzako. Lakini haina sahihi."

"Nipime hapa hapa, bwana. Chagua jaribio lolote."

"Hakuna fomu ya jambo hilo. Na mwalimu wako wa Uganda yumo melini, ana likizo ya miezi sita." Alifunga daftari. "Liliunguaje?"

"Kwa moto, bwana."

"Moto wa nini?"

Zacharia aliitazama rula iliyokuwa mezani.

"Niletee barua ya chifu wa kijiji chenu kabla ya saa kumi, ieleze jinsi lilivyoungua. Nikiwa nayo, nitaipokea nakala hii."

Muda ulitosha, na ruhusa ya kwenda Ruiru safari hii ingetiwa sahihi na afisa mwenyewe. Zacharia aliipima barua hiyo kama alivyopima kila kitu. Ingesema kwamba Gathoni, wa nyumba ya kumi na moja, huchoma karatasi gadi wanapokaribia. Hakuna chifu ambaye angeiandika na kuliacha jambo hapo.

"Sina barua hiyo, bwana."

"Hujaitafuta."

"La, bwana."

Afisa alichukua rula, akalikata jina la Zacharia orodhani kwa mstari mmoja.

Jumamosi alirudi Ruiru na sanduku lake. Gathoni alimsikiliza hadi mwisho, hakulia.

"Mwaka mzima wa kungoja," alisema. "Ningelichoma tena."

"Najua, maitu."

Jumatatu firimbi ya kazi ya lazima ilipopulizwa, alijipanga na wengine wa mstari wa nne, jembe begani, kwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Gadi mwenye daftari la majina aliitazama mikono yake laini.

"Wewe kazi yako nini?"

"Mwanafunzi."

"Wa wapi?"

"Wa mwaka ujao," alisema Zacharia, na mtu nyuma yake akacheka.