Kamati ya Breki ya Mkono

Mume wangu akiona nati imelegea, anaunda kamati. Msicheke, mimi ndiye ninayeishi naye. Ofisini kwao ni mwenyekiti wa kila kitu, hata wa maua ya mapokezi, na nyumbani tunamwita hivyohivyo: Mwenyekiti.

Gari letu halikuwa na breki ya mkono inayoshika. Ukiivuta, inapanda juu bure, na gari linateremka zake. Ndiyo iliyonifelisha mtihani wa udereva mara mbili, zote pale kwenye mwinuko, gari likirudi nyuma na mtahini amekumbatia dashibodi, akimwita mama yake. Jumatatu ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho kwa mwaka huo. Nikifeli, nisubiri mwaka mzima. Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule tatu zimejaa sebuleni zikingoja kupelekwa, na nimechoka kumngoja Mwenyekiti amalize vikao ndipo anibebee.

"Tulipeleke kwa fundi," nilimwambia Jumamosi asubuhi.

"Fundi wa nini, na wanaume tupo?"

Saa nne walikuwa watatu uani: yeye, mdogo wake ambaye ni mwalimu, na jirani yetu, karani mstaafu. Wakapanga viti kulizunguka gari. Ajenda ya kwanza ilikuwa kupitisha ajenda. Shemeji akataka tupate kwanza historia ya tatizo. Karani akauliza kama jeki imeombwa kwa maandishi. Mimi nikaagizwa chai, nikaileta huku nimenuna.

Jumapili alasiri wakafanya majaribio. Wakavuta breki, wakalisukuma gari wote watatu. Halikusogea hata kidogo. Wakapongezana, wakaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imechafuka.

Jamani! Gari lilikuwa kwenye gia. Niliingia nikaitoa, likaanza kutembea lenyewe taratibu mpaka likaangusha kiti cha Mwenyekiti.

Nikasema potelea mbali. Nikazuia tairi za mbele kwa matofali, nikainua nyuma kwa jeki, nikashusha breki na kufungua kifuniko chake. Ndani kuna waya na nati, hakuna la ajabu. Uzi wa cherehani ukilegea unaukaza kidogo, unajaribu, unaukaza tena, huitishi mkutano. Nikakaza. Nikivuta breki, tairi za nyuma zinagoma, nikishusha, zinazunguka. Nusu saa, na kidole kimoja kimechubuka.

Jumatatu, pale kwenye mwinuko, gari lilisimama kama limejengwa hapo. "Umefaulu, mama," mtahini akasema, na mimi na utu uzima wangu nikalia mbele yake.

Nyumbani nikakuta kamati imekaa tena. Mwenyekiti akanikabidhi muhtasari wa kikao nisaini. Nikasoma: "Kamati imefanikiwa kutengeneza breki ya mkono. Mke wa Mwenyekiti alichangia chai. Imeazimiwa kwamba, kwa kuwa gari sasa ni salama, litaendeshwa na Mwenyekiti peke yake."

"Saini hapo chini, shemeji," akasema mwalimu, akininyooshea kalamu. Hata aibu hana!

Nikaichukua. Nikaandika jina langu kwenye orodha ya wasiohudhuria, nikabeba sare mafungu matatu hadi garini, nikashusha breki nikaondoka. Kwenye kioo niliwaona wamesimama wote watatu, wanatafuta nani aanze kuzungumza.