Bahasha ya Kaki Chini ya Godoro

Bahasha ile ililala chini ya godoro langu siku ishirini na tatu. Kinyozi, mwenzangu wa chumba, alinicheka kila asubuhi.

"Babu, unaiatamia? Itatotoa lini?"

"Nenda kanyoe watu."

Siku ya ishirini na tatu nilitoka bafuni nikamkuta kaifungua. Mzaha umemtoka usoni.

"Babu, wamekunyima hifadhi ya ukimbizi. Walikupa siku kumi na nne za kukata rufaa. Zimepita."

Akanikokota hadi kwa wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mwenye meza iliyojaa mafaili. Akasema tunaweza kuomba tuongezewe muda, ila fomu inataka sababu ya kuchelewa.

"Andika nilisahau."

"Baba, ukisema ulisahau watakurudisha kwenu."

Nikatazama mlangoni. Kaka yangu alikuwa amesimama pale, kama kawaida yake, na shati lake jeupe lililonyooshwa. Miaka thelathini na moja ananifuata, mimi tu namwona, hasemi kitu.

Basi nikasema mimi. Nyumbani kwetu mimi tu ndiye niliyejua kusoma. Ikaletwa bahasha ya kaki, ina muhuri wa polisi. Nikaisoma uani kwa sauti, najidai, naiga mwalimu wangu: kaka afike kituoni, maelezo mafupi tu. Akapiga pasi shati, akaenda. Hakurudi. Mwaka uliofuata ikaja yenye jina langu. Sikuifungua, nilikimbia, nikawa nahama nchi hadi nchi. Tangu hapo sijafungua bahasha ya kaki, iwe ya nani.

Wakili akaweka kalamu chini. "Mbona kwenye mahojiano hukuyasema haya?"

"Waliniuliza njia niliyopita. Nikawaeleza njia."

"Lo, baba! Hii ndiyo kesi yenyewe."

Akajaza fomu. Alipouliza jina la kaka, nikachukua kalamu. Nikaliandika kwa mkono wangu.

Wiki mbili baadaye jibu likaja. Bahasha ya kaki. Kinyozi akanyoosha mkono.

"Lete nikusomee."

"Acha."

Kwa mara ya kwanza kaka akatoka mlangoni, akaja kusimama nyuma yangu. Nikasikia harufu ya pasi ya mkaa. Nikaichana, nikasoma kwa sauti, taratibu, bila kumwiga mtu: nimeongezewa siku kumi, rufaa itasikilizwa, nifike mwenyewe kutoa maelezo.

Kinyozi akapiga makofi. Mimi nikageuka.

Kaka alikuwa anafunga vifungo vya shati, tayari kwenda nami.