Kukamua Shuka na Mama

Nimechoka, na sitaki mtu aniambie nipumzike. Neno hilo ndilo lililotufikisha hapa. Mama alikuwa dobi maisha yake yote. Mikono yake ilikamua mashuka ya hoteli nzima. Alipozeeka tukajifanya watoto wema. Kaka mkubwa akanunua mashine ya kufulia na kochi laini la kuzamia, tukamwambia mama apumzike, ametulea vya kutosha. Akikohoa, maji yameshafika. Akitaka kusimama, watu wawili wameshamdaka. Miguu ikanyong'onyea, kisha akili nayo ikaanza kumtoka. Siku hizi ananiita "dada," kama anavyoitwa msichana wa kazi. Mimi, kitindamimba wake.

Daktari wa viungo alimbonyeza paja, akaguna. Akatueleza kwamba msuli ukifanya kazi hutoa vitu vinavyosafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo, vikausaidia. Ukilala tu, ubongo unakosa msaada huo. Hakuahidi kumponya. Alisema tumtoe kwenye kochi kila siku, afanye kazi anayoijua. Kaka akang'aka kwenye simu: mama afue nguo uzeeni, majirani watasemaje? Nikamwambia aje yeye ambadilishe nguo, majirani nitawajibu mimi. Mpaka leo hajaja.

Basi nikaichomoa mashine. Kila asubuhi namwinua, tunakokotana hadi uani, nampa ncha moja ya shuka, nashika nyingine. Wiki za mwanzo alikuwa analiangusha kwenye mchanga, nalifua upya, mgongo unawaka moto, machozi yako karibu. Nilichotaka ni kimoja tu: aniite mwanangu, hata mara moja.

Leo kasimama mwenyewe. Kashika mkono wa kochi, katetemeka weee, lakini kasimama. Uani akalizungusha shuka kwa nguvu hadi ncha yangu ikaniponyoka. Akacheka, mara ya kwanza tangu sijui lini.

"Kaza mkono, dada," akasema. "Mlegevu kama binti yangu."

Nikamuuliza huyo binti yake yuko wapi.

"Yupo ndani, nimemwacha alale," akajibu, akisubiri niokote ncha yangu. "Mwanangu anachoka sana."

Nikaiokota, tukaendelea kukamua.