Jina la Mwenye Boma

Kwa miaka kumi na tisa Munyiva hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake. Mwanamke aliyeolewa huku Katelembo halitaji. Ndiyo heshima ile tunayoiita nthoni. Mzee akiwa hai, alimwita mwenye boma. Alipofariki, Munyiva alimtaja kwa mbali hata katika sala: Bwana, mpumzishe yule mzee, unamjua. Na aliamini kwamba Mungu anamjua.

Heshima hiyo ilikuwa imekwisha kumpokonya mashamba mawili. Kila wazee wa ardhi walipouliza ni nani aliyemgawia, shemeji yake Musembi alisimama upesi, akasema mjane huyu ana adabu, asiaibishwe, yeye atamsemea. Akamsemea hadi vipande vyote viwili vikaandikwa kwa jina lake Musembi. Sasa kilibaki kimoja, cha kando ya kijito, ambacho Munyiva alikikatia matuta kwa jembe lake mwenyewe. Kikienda hicho, yeye na binti zake hawana pa kulima wala pa kulala.

Siku ya kikao, mwaka wa tisini na saba, watu walikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya naibu wa chifu. Karani, msichana wa mjini aitwaye Pauline, alifungua kitabu chake, akaeleza kwamba safari hii mdai mwenyewe atamtaja aliyempa shamba. Musembi alikuwa amekwisha kusimama.

"Karani, usituletee mambo ya mjini. Huyu ni mke aliyefunzwa. Jina la baba halitoki kinywani mwake. Ama namna gani, shemeji?"

Wazee walicheka kwa kumsifu, na sifa hiyo ilimuuma Munyiva kuliko tusi.

Pauline alimsogezea kalamu, akamnong'oneza kwamba anaweza kuliandika tu. Kuandika alijua. Alikuwa mwaka wa pili katika darasa la jioni kanisani, na hata jina hilo aliwahi kuliandika kwa penseli, kisha akalifuta kwa haya mpaka karatasi ikatoboka. Lakini Musembi angesema ameandikiwa. Munyiva alifumba macho, akamwomba Mungu ampe kinywa, akasimama.

"Kalamu naijua, binti yangu. Lakini shamba nilipewa kwa mdomo, na kwa mdomo nitalidai. Alinipa Wathome wa Kioko."

Mzee mmoja alitema mate chini. Musembi akamuuliza polepole kama amesahau yeye ni mke wa nani.

"Sijasahau. Wathome alipolala miezi minane bila kuweza kujigeuza, mlinituma mimi nimwoshe, mkasema heshima itangoja. Sasa mmeikumbuka? Wathome alinionyesha mpaka, kutoka kwenye mgunga hadi kwenye jiwe. Na wewe, shemeji, ndiwe uliyeshika panga ukichanja alama."

Musembi aliwatazama wazee. Yule aliyetema mate alikohoa.

"Ameharibu adabu," alisema. "Lakini hilo panga nililiona."

Pauline aliandika. Musembi aliondoka bila kumuaga mtu.

Munyiva alirudi kupitia kando ya kijito. Majirani wawili wa kike walimwona, wakainama kama waliokuwa wakipalilia. Hakujificha. Alisimama juu ya tuta la kwanza, akasali kwa sauti wanayoweza kuisikia.

"Bwana, mpumzishe Wathome."

Wala hakuomba msamaha kwa hilo.